Maji Vuguvugu kwa Mbwa wa Kisii

Maombi ya Alhamisi nyumbani kwa mama mkwe wangu yana utaratibu wake: chai, nyimbo, chai tena, halafu magoti. Siku ninayoisimulia tulikuwa tumeshafika kwenye magoti. Kina mama wa kanisa walikuwa wamefumba macho, nami nimefumba langu moja. La pili nililiacha wazi kwa sababu za kikazi. Nina saluni pale Ndanai, na hakuna wakati mzuri wa kuona nani anahitaji kusukwa upya kama wakati vichwa vyote vimeinama.

Mara mlango ukagongwa. Ko-ko-ko-ko.

"Karibu," mama mkwe akasema, macho bado yamefumbwa.

Mlango ukagongwa tena, kwa haraka zaidi, kama anayegonga amenyeshewa.

"Ingia tu, iko wazi."

Kimya kidogo, kisha ko-ko-ko-ko. Mama aliyekuwa akituongoza katika maombi akaongeza mwendo, akawaruka wagonjwa na wasafiri, akafika kwenye amina mapema. Mwenzake mmoja akainuka kufungua. Nje hapakuwa na mgeni. Alikuwa mbwa wangu, ameegemea mlango akijikuna ubavu, na kila mguu wake wa nyuma ulipokwenda juu na kurudi, kisigino kiligonga mbao. Akamtazama yule mama kwa adabu, kisha akaendelea na kazi yake.

Walicheka mpaka vitambaa vya kichwa vikawateleza. Mama mkwe hakucheka. Alifunga Biblia yake, akakusanya vikombe, akawasindikiza wageni hadi barabarani, na aliporudi alinikuta nimeinama kwenye karai la vyombo nikijifanya nina kazi nyingi.

"Koito ya msichana wetu imekaribia," akasema, yaani ya wifi yangu. Koito ndiyo siku upande wa kijana huja kuzungumza habari za mahari, na nyumba nzima hupigwa msasa kwa ajili yake. "Wakwe watatoka mpaka Sigowet. Mimi siwezi kukaa mbele yao na umbwa inapiga hodi. Kama haitakuwa imepona, shemeji yako akikuja na pikapu, inaenda na yeye Mulot."

Shemeji yangu hufuga ng'ombe wengi kule Mulot. Ni mtu mwema, lakini mbwa wake hawana jina wala bakuli, na huishi kati ya kwato za ng'ombe na magurudumu ya malori ya barabara ya Narok. Kulikuwa na mbwa wengine wa boma hili waliotangulia kwenda huko. Hakuna aliyerudi hata kusalimia.

Na huyu sikutaka aende popote. Nilipoolewa kutoka Kisii, ambako si mbali, maana ukipanda kilima kilicho nyuma ya saluni yangu unaiona migomba ya kwetu, mama yangu alinifungia zawadi ndani ya kikapu: kuku kadhaa na kijibwa kimoja cha rangi ya majivu. Kuku waliliwa na wageni kabla sijazoea njia ya kwenda mtoni. Mama yangu naye ameshafariki, na nyumbani kwake anaishi kaka yangu na mke ambaye hatuelewani. Kwa hiyo nilichobaki nacho kutoka kwetu ni mbwa. Nilimpenda kwa ajili yake mwenyewe, na nilimpenda kwa ajili ya kile kikapu.

Mama mkwe alimwita Mkisii tangu siku ya kwanza. "Mwambie Mkisii atoke kwa mlango." "Mkisii mwenzako amekula yai." Mimi sikukasirika, kwa sababu nami nilikuwa na yangu ya kusema kuhusu watu wanaotia mkaa ndani ya maziwa na kuyaita mursik. Tulitaniana hivyo miaka yote, yeye na maziwa yake, mimi na ndizi zangu. Lakini utani wa mama mkwe ni kama chai yake, hujui ameweka sukari mpaka uonje, na kuna siku nilijiuliza kama ananihesabu mimi kuwa mtu wa boma lile au mgeni aliyekaa muda mrefu.

Hali ya mbwa ilikuwa mbaya kweli. Tangu mvua za msimu ule zianze, manyoya ya ubavuni yalikuwa yametoka vipande vipande, ngozi ya tumboni imekuwa nyekundu, na mba zikimwagika kila akijitikisa. Majirani walileta ushauri bila kuombwa. Mmoja alisema tumpake oili chafu ya trakta. Mwingine alisema majivu ya moto. Wa tatu alisema magadi, na alipoona sura yangu akasema basi magadi kidogo. Mume wangu, anayefanya kazi Kericho kwenye shamba kubwa la chai na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, nilimpigia simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo ni yako na mama. Mimi simo." Kisha akakumbuka kwamba ana kazi.

Mimi si daktari wa wanyama, ila kazi yangu ni ngozi. Nimeona vichwa vilivyounguzwa na dawa ya kulainisha nywele hadi mtu hawezi kulalia mto. Najua kwamba ngozi iliyokasirika huibembelezi kwa kitu kikali zaidi. Oili ya trakta sikuitaka. Nikaenda Sotik kwenye duka la dawa za mifugo, mbwa nikiwa nimemfunga kwa mshipi wa gauni langu.

Daktari wa pale alimgeuza, akamfunua masikio, akanusa.

"Mnampaka nini nyumbani?"

"Hakuna."

"Na mnamwogesha na nini?"

"Daktari, kwetu mbwa huogeshwa na mvua."

Akacheka, akasema hakuna viroboto, hakuna upele wa kuambukiza, ni ngozi tu iliyochokozwa na kitu. Akanipa chupa ya shampuu ya mbwa, laini, isiyo na manukato, nzito kama uji na inayonuka uji. Maji yawe vuguvugu. Usisugue kwa nguvu. Povu likae kwanza, kisha suuza mpaka maji yatoke safi, umkaushe kwa kumkandakanda na taulo. Sabuni ya mche usimguse nayo, wala ya saluni, ngozi yake haifanani na yetu. Na kitu kingine chochote kisimfikie mwilini.

Nyumbani kulikuwa na tatizo la maji vuguvugu. Mama mkwe alishasema mbele ya watu kwamba katika boma lake kuni hazitawaka kwa ajili ya mbwa, na kwamba hayo ni mambo ya watu wa ndizi, ambao hawana ng'ombe wa kutosha kuwashughulisha. Basi nikachagua Jumatatu. Jumatatu saluni hailipi, na Jumatatu mama mkwe huwa shambani akichuma majani hadi saa ya kuyapeleka kupimwa. Akishapotea kati ya michai, mimi nawasha moto. Beseni lililomtosha mbwa lilikuwa moja tu, lile kubwa la kijani ambalo mama mkwe huliweka juu ya kabati kwa ajili ya shughuli kubwa. Nililiazima bila kumsumbua mwenyewe.

"Karibu mteja," nikamwambia mbwa. "Leo tunafanya nini? Kuosha peke yake, au kuosha na kuseti?"

Akaingia akitetemeka, akanipa ile sura ya wanawake wanaokuja saluni mara ya kwanza na pochi wameikumbatia. Nikajaribu maji kwa kiwiko, nikammwagia taratibu kwa kikombe kuanzia shingoni, macho nikiyakinga kwa kiganja. Shampuu niliipasha kwanza mikononi. Nilipofika kwenye ubavu uliochubuka niliipaka kwa ncha za vidole, bila kucha. Pale akaacha kutetemeka. Akaegemeza kidevu kwenye ukingo wa beseni la mama mkwe, akafumba macho, akapumua kwa nguvu puani. Nimeosha vichwa vya nusu ya wanawake wa Ndanai na hakuna aliyewahi kunishukuru namna ile. Povu lilipokuwa likikaa nilimsimulia habari za mtaa, kama ninavyowafanyia wote, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na mteja ambaye hatazipeleka popote.

Jumanne alilala mchana kutwa. Jumatano alijikuna kidogo tu, kwa heshima. Alhamisi, kina mama wakiwa kwenye magoti, mlango ulinyamaza, na mama mkwe akafumbua jicho moja kunitazama. Tulikutana, jicho kwa jicho.

Lakini Jumapili alikuwa anawaka moto upya. Alijiburura kwenye nyasi, akajing'ata mkia, tumbo jekundu. Nikarudia Jumatatu, akapata nafuu, na Jumapili ikafika na mambo yake. Jumatatu nyingine vilevile. Nilibadilisha taulo. Nilisuuza mpaka mikono ikakunjamana. Nilimnyima mabaki ya nyama. Koito ilikuwa inakaribia, mama mkwe ameshaanza kuhesabu viti vya kuazima kanisani, na mimi nilikuwa nikimwangalia mbwa wangu nikiona pikapu.

Kisha nikafikiri: Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo saluni hunimeza, natoka mapema na kurudi jioni. Jumamosi mbwa hubaki na mama mkwe peke yake. Nikamfikiria mabaya, na mtu yeyote mwenye mama mkwe angefanya vivyo hivyo. Anataka aende. Anamfanyia kitu ili aende.

Jumamosi iliyofuata nilifunga saluni mchana. Wateja walilalamika na mmoja aliondoka akiwa amesukwa upande mmoja, akaniahidi kwamba hatasahau. Sikupita njia ya mbele. Nilikuja kwa nyuma kupitia kwenye chai, nimeinama, maji ya mvua ya asubuhi yakiniloweshea sketi, nikachuchumaa pale michai inapokutana na boma la ng'ombe.

Mama mkwe alikuwa amebeba pampu ya dawa mgongoni, na buti zake za mpira miguuni. Bila shaka: Jumamosi ni siku ya kuwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Nilijua hivyo kama ninavyojua Jumapili ni ya kanisa, nikawa sikuwahi kulifikiria. Ng'ombe walikuwa wakiingia mmoja mmoja kwenye ile njia nyembamba ya mbao. Alimpulizia wa kwanza, chini ya mkia, kwenye makwapa, akamwinua masikio. Akaja wa pili. Ndama wakafuata, kisha kondoo. Na nyuma ya kondoo wa mwisho, amekaa wima akisubiri zamu yake, alikuwa mbwa wangu.

Hakuna aliyemfunga wala kumwita. Kondoo alipotoka yeye aliingia, akasimama katikati ya mbao kama ng'ombe wa maziwa, akainua mkia.

Mama mkwe akampulizia dawa yote iliyobaki kwenye pampu. Alimgeuza masikio, akampitia tumboni, akimsemesha kwa Kipsigis kwa ile sauti ambayo huwa naisikia alfajiri anapokamua, sauti ambayo sijawahi kuisikia akimpa binadamu. Kisha akampigapiga kiunoni, kama anavyowafanyia ng'ombe, atoke.

Nilisimama. Nilikuwa na majani ya chai kwenye nywele na hasira mpaka kooni.

"Mama!"

Akashtuka, pampu ikatema kidogo usoni mwa kondoo. "Wewe! Unatoka kwa majani kama swara, kuna nini?"

"Unampulizia mbwa dawa ya ng'ombe!"

"Nimpulizie ya nani? Hapa iko ya ng'ombe peke yake."

"Kila Jumamosi?"

"Tangu ulete yeye kwa kikapu. Ile dawa ya zamani ilikuwa sawa. Hii mpya ni kali kidogo, kupe ilikuwa imezoea ile ingine."

"Hiyo kali ndiyo inamuunguza ngozi! Mimi namwosha, wewe unamchoma, mimi namwosha, wewe unamchoma!"

"Ndiyo najua unaosha," akasema, na sasa naye sauti ilikuwa imepanda. "Unafikiri sijui? Beseni yangu ya koito inanuka umbwa na uji. Kuni zangu zinaisha Jumatatu. Mimi nimekunyamazia."

Tukabaki tukitazamana, kondoo akipiga chafya kati yetu. Mbwa alikwenda akakaa katikati na kuanza kujikuna, ko-ko-ko, kwenye mbao. Mama mkwe alimwangalia. Niliona wazo likimfikia, polepole, na uso wake ukaanza kulegea.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepoteza mahali pa kukaa.

Akashusha pampu chini. "Mimi kila kitu ya miguu minne hapa kwangu napulizia. Hiyo umbwa siku ya kwanza ilisimama nyuma ya kondoo, imekaa tu, inaniangalia. Ningeiruka namna gani? Ingesema hapa si kwao."

Nililia pale pale, bila aibu, na majani kichwani. Wiki zote zile nilikuwa nikitafuta nani anamfukuza mbwa wangu, na mtu mwenyewe alikuwa akimhesabu pamoja na ng'ombe wake.

"Wacha kulia na ulete beseni," mama mkwe akasema. "Na hiyo uji yake."

Alichemsha maji yeye mwenyewe, kwa sufuria ya chai, kwa kuni ambazo zisingewaka kwa ajili ya mbwa. Alikunja mikono ya sweta, akamkamata mbwa kama anayesugua masizi. "Polepole, Mama, hii si sufuria," nikamwambia, nikamshika vidole nikamwonyesha: hivi, kwa ncha, bila kucha. Viganja vyake ni vigumu kwa miaka ya chai na chuchu za ng'ombe, lakini alijifunza. Povu lilipokuwa likikaa akauliza sasa tunafanya nini. Nikamwambia sasa ndiyo wakati wa umbea. Akatazama huku na huku, akavuta kigoda, na mambo aliyonieleza kuhusu ukoo wa mume wangu siku ile sitayaandika hapa.

Siku ya koito manyoya yalikuwa yameanza kurudi, mafupi na laini kama ya kifaranga. Wageni walijaa sebuleni, wazee upande huu na ule, mimi mlangoni na birika. Mazungumzo yalifika pale pagumu, pale ambapo kila upande hunyamaza kuona nani atasema kwanza. Katika kimya hicho mlango ukagongwa.

Ko-ko-ko-ko.

Mama mkwe alinitazama. Mimi nilitazama birika. Shemeji wa Mulot, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, alijipapasa mfukoni ambako ncha ya kamba ilikuwa inaonekana.

"Karibu," mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Nikafungua. Alikuwa mzee wa watu, mjomba wa kijana kutoka Sigowet, aliyepotea njia kwenye mashamba ya chai na kufika amechelewa, viatu vimejaa matope. "Chamgei," akatusalimia. Mama mkwe alijaribu kumjibu, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikaweka birika chini kwa usalama wa wote. Wakwe walitazamana, wakaamua kwamba ni furaha ya kuwaona, wakacheka nao, na mazungumzo yakalainika kuanzia hapo. Mbwa alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kwenye jua, hajikuni.

Jioni wageni walipoondoka, shemeji akatoa kamba yake. "Mbwa iko wapi?"

"Umbwa gani?" mama mkwe akauliza.

"Ile ya kwenda Mulot."

"Hapa hakuna umbwa ya Mulot. Chukua hiyo kamba ufunge viti vya kanisa."

Shampuu ile hatujaiacha. Chupa huisha upesi kuliko ukubwa wa mbwa. Niliipata sababu Jumapili moja, mama mkwe alipoingia kanisani na sweta yake nzuri ya sufu, ile ambayo hukataa kuosha kwa sabuni ya unga, ikinuka uji, na mbwa akaifuata harufu hiyo hadi kwenye benchi, akaweka kichwa mapajani pake mahubiri yote. Yeye alitazama mbele kama asiyehusika. Mimi nilifumba macho yote mawili.

Jumamosi za mvua, wateja wakipungua, hurudi nyumbani mapema nikamsaidie na ng'ombe. Foleni ni ile ile: ng'ombe, ndama, kondoo, na mbwa nyuma yao, wima, akisubiri. Daktari alisema dawa isimfikie, na haimfikii. Lakini mama mkwe hakukubali arukwe. Ameweka kando chupa ndogo ya kupulizia, ile ya saluni niliyompa, ndani yake maji matupu aliyoyaacha juani yapate joto. Kondoo wa mwisho akitoka, anavua pampu, ananawa mikono kwa sabuni, anachukua chupa. Masikio, makwapa, chini ya mkia. Mbwa anasimama kimya mpaka apigwepigwe kiunoni, ndipo anatoka akijitikisa.

Jumamosi iliyopita, mbwa akiwa ameshatoka, nilikuwa nimeshikilia mlango wa mbao, nikaanza kuufunga.

"Bado," mama mkwe akasema. "Foleni haijaisha."

Niligeuka kuona nani amebaki. Akanipulizia maji usoni, kisha shingoni, kisha akaniambia niinue masikio.